Binti kaumia goti kwenye netiboli, anaambiwa apasuliwe. Ni lazima?

Mzazi_Kihonda

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa wataalamu wa mifupa na waliowahi kupitia haya.

Binti yangu ana miaka 17, yupo kidato cha tano, netiboli anacheza GD, yaani mlinzi. Wakijiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, aliruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili umeshageukia upande wa pili. Hakuguswa na mtu. Anasema alisikia "ta!" ndani ya goti, akaenda chini, na jua halijazama goti lilikuwa limejaa hadi kofia yake haionekani. Eksirei ikaonyesha mifupa mizima, tukapewa dawa za maumivu. Uvimbe ukapungua, akaanza kutembea, tukashukuru Mungu. Juzi anashuka ngazi za bweni goti likamwachia, akakaa chini mbele ya wenzake. Ndipo tukapanda treni kwenda Dar kupiga MRI. Majibu: ACL, ile kano ya katikati ya goti inayolishikilia lisiteleze, imekatika yote, na gegedu (kile kilaini kinachokaa kati ya mifupa) la upande wa ndani limechanika kidogo. Daktari anasema upasuaji.

Sasa nyumbani kuna kambi mbili. Bibi yake ana mchuaji wake wa Kilosa, na anasema wanaopasuliwa magoti wote huishia kuchechemea. Mama yake anataka apasuliwe hata kesho asubuhi. Mimi nipo katikati. Ni lazima? Kuna haraka? Na kwa nini imemkuta yeye wakati hakugongwa?

Nawasilisha.

Winga_Teleza

Pole mzee. ACL si ya mchezo. Van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia Oktoba 2020 kwenye dabi na Everton, tukamwona tena uwanjani Julai 2021 kwenye mechi za kujiandaa na msimu, na huyo ana madaktari wake kila saa. Mtu akikwambia miezi mitatu anacheza, mkimbie.

Fizio_Dodoma

Mzee wangu, poleni sana. Mimi ni fizio, mtaalamu wa mazoezi tiba, magoti ya namna hii ndiyo ninayoshinda nayo, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Nianze na la mwisho. Wengi wanaokata ACL hawaguswi na mtu. Mtu anakimbia anafunga breki ghafla, au anatua, au anageuka mguu ukiwa umeganda chini. Netiboli imekaa hapohapo, maana sheria inakutaka ukidaka usimame, hakuna kukimbia na mpira. Kila mpira unaodakwa ni breki. Ongeza kiwanja cha saruji na raba zinazonata. Halafu ni msichana. Kwenye mchezo uleule wasichana hukata ACL kuliko wavulana, na makadirio mengi yanaanzia mara 2 kupanda juu. Sababu bado zinabishaniwa, wapo wanaotaja nyonga, wapo wanaotaja homoni, ila ile tunayoweza kuirekebisha ni namna ya kutua. Wengi wanatua mguu umenyooka, kisha goti linaangukia ndani kulielekea lenzake. Kama ana mdogo wake anayecheza, mwambie aruke kutoka kwenye kiti, umtazame magoti kwa mbele. Utaona mwenyewe.

Haraka hakuna, isipokuwa goti likigoma kabisa kunyooka, kama kuna kitu kimebanwa katikati. Hapo huenda gegedu limejikunja ndani, na hilo halisubiri. Vinginevyo, kupasua goti lililovimba na lisilonyooka ni kujitafutia goti gumu baadaye. Wiki hizi ni za kushusha uvimbe, kunyoosha goti sawa na lile zima, na kuamsha nyama za mbele ya paja. Na anayepasuliwa paja likiwa na nguvu ndiye anayerudi vizuri. Hili watu hawalipendi kwa sababu halina risiti kubwa.

Je, ni lazima? Kwa kila mtu, hapana. Mwaka 2010 Waswidi walitoa utafiti wa watu 121, umri wa miaka 18 hadi 35, waliokata ACL. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likaanza na mazoezi, na goti likisumbua ruhusa ya kupasuliwa ipo. Baada ya miaka 2, chini ya nusu ya hili la pili ndio walikuwa wamepasuliwa, na magoti ya makundi yote hayakupishana kwa maana. Lakini tazama wa kwako: ana miaka 17, anataka kurudi kuruka, goti limeshamwachia mara moja, na gegedu limeguswa. Goti likiachia ndipo gegedu linaposagika, na likishasagika halioti jingine. Angekuwa wangu, ningeelekea kwenye upasuaji. Ila si kesho asubuhi.

Upasuaji wenyewe ni wa matundu madogo na kamera. ACL iliyokatika kwa kawaida haishonwi, inawekwa nyingine. Daktari anachukua kano za mgonjwa mwenyewe, ama mbili za nyuma ya paja, ama kipande cha katikati cha kano iliyo chini ya kofia ya goti. Anatoboa njia kwenye mfupa wa paja na wa muundi, anapitisha kipandikizi, anakibana. Muulizeni atatumia ipi na kwa nini. Kwa binti mwembamba zile za nyuma zinaweza kutoka nyembamba, na kipandikizi cha chini ya milimita 8 hukatika kirahisi zaidi. Ile ya mbele ni imara, lakini itamsumbua akipiga magoti. Kama ni mtu wa kupiga magoti kanisani, daktari ajue kabla. Kuuliza si kumkosea heshima.

Akirudi nyumbani, jambo moja nalisema hadi nachukiwa: msimwekee mto chini ya goti. Kila nyumba ninayoingia nakuta mto, umewekwa kwa upendo, na goti limeanza kukauka limekunjwa. Kunja taulo, weka chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia. Litauma kidogo. Ndivyo linavyonyooka.

Chuma_cha_Pua

Wataalamu wetu kila kitu kisu. Mjomba wangu goti lilimteguka hivihivi, akachuliwa, leo analima heka zake. Mnawatisha watu tu.

Fizio_Dodoma

@Chuma_cha_Pua mjomba wako naweza kumwamini kabisa. Kulima ni kwenda mbele, na mtu anaweza kuishi bila ACL akiwa na mapaja ya mkulima. Mpeleke akadake mpira na kugeukia mguu uleule, tuone. ACL ipo katikati ya goti, imezungukwa na ute, ncha zikiachana mara nyingi hazishikani. Mikono ya kuchua haifiki huko. Na goti likiwa limejaa, la moto, kulikandamiza ni kuliongezea damu na uvimbe.

DadaWaMagongo

Mie nilifanyiwa. Kupasuliwa si kazi, nilichomwa ganzi ya mgongoni nikawa nasikia madaktari wanaongelea foleni ya Ubungo. Kazi ni choo. Kwetu cha kuchuchumaa, na goti halikunji. Tulikata kiti cha plastiki tundu katikati, tukakiweka juu, nikaishi hivyo. Andaeni kabla hamjaenda hospitali. Kuoga pia, ndoo iwe juu ya stuli, usiiname.

Mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa ndio mtihani. Huumwi, unatembea vizuri, unajiona umepona.

Fizio_Dodoma

Dada umenena. Kile kipandikizi hupoteza nguvu kwanza, kisha ndipo hujijenga upya, kwa hiyo goti linaweza kuwa tulivu wakati ndani bado ni dhaifu. Wanorwe mwaka 2016 walionyesha kwamba kila mwezi mtu aliosubiri kurudi kwenye michezo ya kugeukageuka, hadi kutimia miezi 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Na kalenda peke yake haitoshi. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka ndipo tuongee habari za mechi.

Mzazi_Kihonda

Nimeelewa, nashukuru wote. Bibi nimemsomea hapa, amenuna ila kanyamaza. Bado moja: shule. Akae nyumbani mwaka mzima?

Fizio_Dodoma

Hapana, darasani atarudi mapema, wengi ni suala la wiki chache. Omba barua ya daktari kwa mkuu wa shule: alale kitanda cha chini, asibebe ndoo, apewe choo cha kukaa kama kipo, na asiwekwe kwenye zamu za kufyeka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au akipata homa na kidonda kikawa chekundu, hospitali siku hiyohiyo, asingoje ruhusa ya wikiendi.

Mwalimu wa netiboli naye mtafute. Netball Australia wana mazoezi yao ya kupasha mwili yanayofundisha kutua na kusimama, kwa sababu ya magoti hayahaya. Wale wenzake bado wanaruka kwenye saruji ileile. Ripoti ya MRI nitumie inbox, jina ulifute kwanza.