Kundi la familia "Wa Chumbageni", Tanga: Neema kaenda sikukuu ya Dano, Korea Kusini

Neema: Hamjambo nyumbani? Mama shikamoo, Shangazi shikamoo, Baba Mdogo shikamoo. Niko kwenye treni narudi Seoul. Picha zinakuja, treni ikiingia handaki mtandao unakata.

Mama: Marahaba mwanangu. Tangu jana nakutafuta hupatikani. Ulikwenda wapi hasa?

Neema: Gangneung, Mama. Mji wa pwani ya mashariki, treni ya kasi kama saa mbili tu. Tulikuwa wanne: mimi, Wanjiru wa Nakuru, Dilnoza wa Uzbekistan na Ji-yeon, huyo ndiye mwenyeji wetu, bibi yake anakaa hukohuko. Tulifuata sikukuu ya Dano.

Joeli: Picha ya pili mbona umeinamia beseni 😂😂

Tumaini: Tuanze na beseni. Mengine baadaye.

Neema: Haya. Dano ni siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao ya mwezi mwandamo. Tangu zamani wanawake siku hiyo wanaosha nywele kwa maji yaliyochemshiwa changpo, mmea wa kandokando ya maji, majani marefu membamba, yananukia. Wanasema nywele zinang'aa na mabalaa yanakukaa mbali.

Neema: Sasa mimi nina misuko mpaka kiunoni. Bibi aliyekuwa anawamwagia watu maji kwa kata akasimama. Akashika msuko mmoja, akaubinya kuona kama maji yameingia, akawaita wenzake. Wakajadili weee! Mwishowe wakaamua nioshwe msuko mmoja mmoja. Nimeinama pale mpaka kiuno kikafa ganzi, foleni nyuma yangu inacheka tu.

Shangazi Rose: Hahahaa! Na ile misuko ulivyoilipia! Imekauka lakini?

Neema: Mpaka sasa mgongo umelowa Shangazi.

Baba Mdogo: Marahaba Neema. Hiyo sikukuu ni ya serikali au ya dini?

Neema: Ya mji, Baba Mdogo. Nchi iliitambua kama urithi wa taifa mwaka 1967, UNESCO nao wakaitangaza kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu 2005. Lakini ukifika unaona ni mali ya watu wa Gangneung wenyewe. Mwezi mzima kabla wanapika pombe ya mchele ya matambiko, na mchele wenyewe wanachanga wananchi. Bibi yake Ji-yeon alipeleka mfuko wake, anauzungumzia utafikiri kajenga kanisa.

Mama: Pombe.

Neema: Ndiyo Mama.

Mama: Ulikunywa?

Joeli: 👀

Neema: Wageni tunapewa kikombe kidogo. Nilionja. Nyeupe, chachu kwa mbali.

Mama: Neema.

Baba Mdogo: Mama Neema, mtoto kaonja, hakulewa. Endelea mwanangu.

Neema: Kwenye hema kubwa kuna mudang, wanawake wanaoita miungu. Wanaimba na kucheza, ngoma na matoazi nyuma yao, kutwa nzima na kwa zamu. Watu wazima wamekaa chini na vyakula vyao, wengine wanalia, wengine wanacheka. Unaweka hela mbele, unaombewa nyumba yako.

Baba Mdogo: Hiyo nimeielewa moja kwa moja. Pangani utotoni mwangu tuliita kupunga pepo. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunajificha, wao wamepelekewa na kamera.

Mama: Mimi sijasema kitu.

Tumaini: Mungu mwenyewe ni nani?

Neema: Wa mlima wa Daegwallyeong. Wanasema alikuwa mtawa wa Kibudha, Beomil, mzaliwa wa hukohuko. Hadithi ni kwamba alimtokea mzee mmoja wa ukoo wa Jeong ndotoni, akamwomba binti yake. Mzee akakataa, binti yangu simwozi asiye mtu. Basi mungu akatuma chui milia, akambeba binti mpaka mlimani. Ndugu walipofika wakamkuta kasimama kando ya mungu, roho imeshatoka. Ndiyo mkewe mpaka leo. Wakati wa sikukuu wanamshusha mume kutoka mlimani, anawekwa pamoja na mke.

Shangazi Rose: Na mahari?

Neema: 😂 Mahari sikusikia Shangazi.

Shangazi Rose: Basi hiyo siyo ndoa, ni wizi. Mzee alikuwa na haki.

Joeli: Kuna mieleka nimeona hapo

Neema: Ssireum. Mnashikana mkanda wa kiunoni na pajani, mchangani, atakayegusa chini kwa goti au chochote juu yake kashindwa. Zamani bingwa alipewa fahali. Wanawake kwao ni bembea, unasimama juu yake. Wanjiru alipanda, akapiga kelele uwanja mzima ukageuka. Mimi nilishika mikoba.

Neema: Lakini kilichonikaa moyoni ni mchezo wa vinyago. Hausemwi hata neno moja! Zamani waliocheza walikuwa watumwa wa ofisi ya serikali. Wanatoka kwanza watu wawili matumbo makubwa ya duara, wamening'inizwa mwani na masuke. Kisha bwana mkubwa na kipenzi chake, binti mmoja. Wakaja wawili wenye vinyago vya kutisha, wakamvuta binti huku na huku, bwana akaona, wivu ukampanda. Binti kujitetea hawezi, hamna maneno. Akazikamata ndevu za bwana, ndefu mpaka kifuani, akajinyonga nazo.

Tumaini: ATI NDEVU?

Neema: Ndevu Tumaini. Akaanguka pale. Watoto waliokaa mbele wakanyamaza wote. Mungu akaombwa, binti akaamka, wakapatana, ngoma ikachanganya.

Shangazi Rose: Huyo bwana angenyolewa kwanza ndipo apatanishwe.

Mama: Mlikula nini?

Neema: Mikate laini ya mchele, ya kijani, ina majani ya mwituni ndani. Na mtaa wa Chodang wanatengeneza tofu, kama jibini lakini ya soya, kwa kuigandisha na maji ya bahari, inaletwa ya moto kwenye bakuli. Nikaweka pilipili nyingi, ikakaa sawa.

Neema: Halafu nimenunua vipepeo vya mkono, ndiyo zawadi ya Dano, zamani mfalme aliwagawia maofisa wake joto likianza. Viwili tu lakini.

Shangazi Rose: Kimoja changu. Umeme wa huku unaujua.

Joeli: Mimi je?

Neema: Wewe sikiliza hii. Gangneung kuna nyumba inaitwa Ojukheon, alizaliwa msomi Yi I. Sura yake iko kwenye noti ya won 5,000. Mama yake, Shin Saimdang, mchoraji na mshairi, yuko kwenye noti ya 50,000.

Mama: Mama kamzidi mtoto mara kumi?

Neema: Ndiyo Mama.

Mama: Hao watu nimeanza kuwapenda. Noti ya mama nitumie mimi. Ya mtoto mpe Joeli.