Draiva ya kontrola: ya kampuni au iliyomo kwenye keneli?

Mdau Sakina: Wadau, fundi alitufungia seva, kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski za seva) akaiwekea draiva, programu ya kuiendesha, aliyoishusha kwa mtengenezaji. Juzi kijana wa ofisi kaapdeti keneli, kile kiini cha Linux, kaributi, diski hakuna hata moja. Mi nasema ofisi ndogo zitumie draiva iliyomo kwenye keneli, basi.

Mangi wa Majengo: Nakataa. RHEL 8, Linux ya Red Hat, ilivyotoka 2019 kontrola kibao za zamani zilitolewa kwenye draiva za keneli, megaraid_sas na mpt3sas, sisi wa seva za mtumba instola inakwambia hakuna diski mpaka ukachukue draiva ELRepo, hazina ya nje ya draiva, sasa iliyomo ipi hapo? Shida ni mafundi wa Arusha, wanajua kufunga kamera tu, seva wanajifunzia kwa mteja.

Fundi Ngarenaro: Mangi, hiyo kamera imeingiaje hapa? Nimefunga kamera miaka sita na ndo zinasomesha wanangu. Mwaka huu nimefufua seva tatu Moshi, hao walioziua walikuwa wa Arusha?

Dada wa Njiro: Jamani seva ya mtu imelala. Moduli, yaani hiyo draiva, ilijengwa kwa keneli ya zamani, keneli mpya ikija kama hakuna DKMS, programu ya kuijenga upya yenyewe, inabaki nyuma. Na hata ikijengwa, usipotengeneza upya initramfs, kile kifurushi cha draiva kinachosomwa kwanza seva ikiwaka, kwa amri ya dracut -f au kwa Debian update-initramfs -u, seva inawaka inatafuta diski ya mfumo wakati draiva yenyewe imo ndani ya hiyohiyo diski. Sakina, kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia, chagua keneli ya zamani.

Mangi wa Majengo: Sikusema wote, nilisema wengi.

Fundi Ngarenaro: Panda juu ukasome ulichoandika. "Wengi" haipo.

Mdau Sakina: Dada asante sana, imewaka na diski zote zipo. Na fundi wetu ni wa Moshi, kwa taarifa yenu. Leo anadai hela ya kuja kurekebisha, mi silipi, kazi ni yake.

Fundi Ngarenaro: Hapo hapana. Nani kaapdeti? Kijana wenu. Mlipe mwenzetu nauli na siku yake.

Mangi wa Majengo: Kwa hilo niko na chalii wa Ngarenaro.

Dada wa Njiro: Mi siko nanyi. Aliwaachia hata karatasi inayosema keneli isiguswe?