MJADALA: Huduma zote zihamie kwenye simu na mashine, au dirisha lenye mtu libaki kwa lazima?

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mstaafu, muda ninao, redio naisikiliza asubuhi mpaka usiku na magazeti nayasoma mpaka matangazo ya tenda, kwa hiyo hii mada nimeifuatilia kweli kweli. Kila upande habari ni ileile, matawi ya benki yanafungwa, tiketi kwenye simu, bili kwenye simu, ukipiga huduma kwa wateja ni bonyeza moja bonyeza mbili mpaka salio linakata. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: mashine zije, tena zije nyingi tu, ila kila huduma ambayo mtu hawezi kuikwepa (benki, usafiri, hospitali, maji, umeme, ofisi za serikali) lazima iwe na mtu wa kuonana naye uso kwa uso, na hilo liwe sheria sio hisani.

Hoja ninayokutana nayo sana ni eti wazee wanaogopa teknolojia, wafundishwe watazoea. Jamani, wengi wetu tumeshazoea zamani. Hela tunatuma, video za wajukuu tunapokea, na kwenye magrupu ya familia salamu za alfajiri ni sisi. Shida iko kwenye vitu vidogo ambavyo aliyetengeneza hakuviwaza kwa sababu yeye bado ni kijana na wote anaokaa nao ofisini ni vijana.

Chukua alama za vidole. Mtu kafanya kazi za mikono maisha yake yote, au ngozi tu imekuwa nyembamba kwa umri, ile michirizi ya kidole inafifia. Anaweka kidole, mashine inakataa. Anakifuta kwenye nguo anaweka tena, inakataa, anajaribu gumba, anajaribu cha mkono wa pili, nyuma foleni imeanza kuguna. Huyo mtu hajasahau kitu wala hajakosea kitu, kidole ni chake na jina ni lake ila mashine inasema sio yeye. Hapo anatakiwa binadamu wa kuangalia kitambulisho, kuangalia sura, na kusema sawa mzee ni wewe tuendelee, dakika moja imekwisha. Au zile namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji, umetoka kwenye ukurasa kwenda kuisoma, ukirudi ukurasa umejifuta, anza upya. Na yale maandishi ya kijivu juu ya weupe, hivi hayo aliyapitisha nani?

Sisemi mashine ni mbaya. Mashine iliyotengenezwa kwa kumsikiliza mtu inakubalika yenyewe. Mwaka 1967 mashine ya kutolea pesa ilizinduliwa Enfield, London, na mmoja wa wanaotajwa kuivumbua, John Shepherd-Barron, alikuja kusimulia kwamba yeye alitaka namba ya siri iwe na tarakimu sita, akalijaribu wazo kwa mkewe jikoni, mkewe akamwambia anazozikumbuka ni nne tu. Basi zikawa nne, na mpaka leo sehemu kubwa ya dunia tunabonyeza nne. Yaani kuna mtu aliulizwa, na jibu lake likafuatwa! Hiyo habari naipenda sana.

Na msiseme wenye malalamiko hawabadilishi kitu. Hispania mwaka 2022 daktari mstaafu wa miaka 78, Carlos San Juan, aliona wenzake wanahangaishwa na benki, akaanzisha kampeni ya sahihi mtandaoni (ndiyo, mtandaoni hukohuko ambako tunaambiwa wazee hatukuwezi) kauli mbiu yake ni mimi ni mzee, si mjinga. Sahihi zilipita laki sita, na Februari hiyohiyo benki zikakubali kuongeza saa za kuhudumia watu dirishani. Uingereza nako Julai 2023 kampuni za treni zilitangaza mpango wa kufunga karibu ofisi zote za tiketi kwenye vituo vya England, wananchi wakaulizwa maoni, yakaja kama laki saba na nusu, na ilipofika mwisho wa Oktoba serikali ikaufuta. Wasioona na wanaotembelea viti vya magurudumu walikuwa mstari wa mbele pale, maana mtu wa dirishani sio wa kuuza tiketi tu, ndiye anayekuonyesha behewa lipi linakufaa.

Kwa hiyo hili sio suala la wazee peke yetu. Kwa hesabu ambazo shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa lilizitoa mwaka 2024, watu kama bilioni 2.6 walikuwa hawatumii intaneti kabisa. Hao nao ni wateja, ni wagonjwa, ni walipa kodi.

Sasa kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na siikwepi. Wanasema dirisha ndiko rushwa ilikokuwa inaishi, yule bwana wa dirishani ndiye aliyekuwa anasema njoo kesho, faili halionekani, mpaka umpoze. Kweli kabisa. Malipo kupitia mfumo yenye risiti yameziba mianya mingi na mimi sitaki turudi huko. Lakini dawa ni kuiondoa hela mkononi mwa yule bwana, sio kumuondoa yeye. Hela ipite kwenye mfumo, yeye abaki kusaidia pale mfumo unapokwama, na kila anachofanya kionekane kwenye mfumo huohuo. Anayeona hivi viwili haviwezekani pamoja aniambie kwa nini.

Halafu kuna siku mitambo inagoma. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu Hispania yote na Ureno, treni zikasimama, kadi hazisomi, na aliyekuwa na noti mfukoni ndiye aliyenunua maji. Norway wao walishaliwaza, tangu Oktoba 2024 sheria yao imeongezewa nguvu, mteja akiwa kwenye sehemu ya biashara yenye wahudumu ana haki ya kulipa taslimu. Nchi ambayo karibu kila kitu ni kadi! Kama wao wameona haja, sisi wengine haraka ya nini?

La mwisho linanigusa zaidi. Uholanzi kuna maduka ya Jumbo, mwaka 2019 walianzisha kaunta ya maongezi, yaani foleni ya makusudi ya taratibu kwa anayetaka kupiga stori na keshia wakati analipa. Ilipokelewa vizuri mpaka wakaamua kuzisambaza kwenye maduka mengi. Kuna watu wanaoishi peke yao ambao keshia ndiye mtu pekee wanayeongea naye kwa siku nzima, na ukiweka mashine badala yake umewanyima kitu ambacho hakipo kwenye bei ya bidhaa. Mimi nikiwa kwenye foleni na mzee wa mbele yangu anaulizia watoto wa keshia, nasubiri kwa moyo mweupe kabisa.

Wanaopinga karibuni. Mnaosema dirisha lenye mtu ni gharama njooni mniambie, hiyo faida inayopatikana tawi likifungwa mteja anapunguziwa makato au inaenda kwa nani? Na nyie mnaotengeneza hizi programu, najua mpo humu, kabla ya kuzindua huwa mnawapa watu wa umri gani wazijaribu?