Kompaila ikague vipi athari na eksepsheni za funksheni iliyopokewa kama parameta?

Swali

Ninaandika kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ya lugha ndogo ya programu, inayopaswa kuthibitisha mambo mawili: kwamba funksheni iliyotangazwa kuwa safi haibadilishi chochote nje yake, na kwamba hakuna funksheni inayotupa eksepsheni (ishara ya hitilafu inayokatiza kazi) isiyokuwemo katika tangazo lake. Ukaguzi wa funksheni za kawaida unakwenda vizuri. Tatizo huanza pale ambapo funksheni kama `panga` inapokea funksheni nyingine ya kulinganisha. Nikichukulia kwamba parameta hiyo inaweza kufanya lolote, `panga` haitatumika kamwe ndani ya funksheni safi. Nikichukulia kwamba haifanyi lolote, tangazo la usafi linakuwa uongo. Je, ipo njia nyingine?

Jibu la kwanza

Ipo, na watafiti Lucassen na Gifford waliieleza tangu mwaka 1988. Athari za `panga`, yaani mabadiliko inayoyafanya nje yake na eksepsheni inazotupa, zisiwe orodha iliyofungwa, bali ziwe athari zake yenyewe pamoja na athari za parameta, ambazo hujulikana pale tu `panga` inapoitwa. Kati ya lugha zilizopo, Koka huziandika kama vigeu ndani ya aina, Swift hutumia neno `rethrows`, na Nim hutumia `effectsOf`. Ukiliacha jambo hili, utafika ilipofika Java 8 mwaka 2014: `Function` ya maktaba yake haitangazi eksepsheni yoyote, kwa hiyo lambda (funksheni isiyo na jina) inayosoma faili hulazimika kuinasa `IOException`, eksepsheni ya kusoma na kuandika, humo humo au kuifunika kwa `RuntimeException`, ambayo Java hailazimishi itangazwe, na kwa njia hiyo ya pili kompaila haiwezi tena kumlinda mwandishi wa programu.

Jibu la pili

Nakubaliana, ila angalia parameta ambayo haiitwi papo hapo bali inahifadhiwa katika sehemu ya muundo wa data na kuitwa baadaye. Hapo athari lazima ziandikwe katika aina ya sehemu hiyo, la sivyo zitapenya bila kuonekana. Kwa funksheni zinazoitana kwa mzunguko, anza na seti tupu ya athari kwa kila moja, kisha rudia hesabu hadi seti zisikue tena. Kwa kuwa majina ya eksepsheni yana kikomo, hesabu itakoma. Usizihesabu hitilafu kama faharasa iliyovuka mpaka wa safu, kwa sababu karibu kila funksheni itazibeba na orodha zitakosa maana. Nim huziweka kando chini ya `Defect`, na naona huo ni uamuzi sahihi.

Mwuliza swali

Nashukuru. Je, mwandishi wa programu alazimike kutangaza athari za kila funksheni?

Jibu la tatu

Hapana. Ndani ya moduli kompaila ikisie yenyewe, lakini funksheni inayotolewa kwa moduli nyingine itangazwe wazi, kwani bila hivyo badiliko dogo ndani ya mwili wake litavunja programu za watu wasiojua lililobadilika. Tena, kila athari ihifadhiwe pamoja na mstari ilikotokea na funksheni zilizoipitisha. Ujumbe unaosema tu kwamba `hesabu` si safi haumsaidii mtu. Unaosema kwamba `hesabu` inaita `soma`, nayo `soma` inabadilisha kigeu cha jumla katika mstari wa 42, humpeleka moja kwa moja panapohitaji kurekebishwa.