Tuvalu na mita 100 za Olimpiki: chama cha riadha kibadilishe mbio?

Mleta mada
Wakuu, tuzungumzie Tuvalu, nchi ndogo ya Pasifiki. Watu kama 11,000 kwenye visiwa tisa, na tangu waingie Olimpiki mwaka 2008 wanariadha wao wote wamekimbia mita 100, hakuna mbio nyingine. Tazameni wanaume: Okilani Tinilau 11.48 Beijing, Tavevele Noa 11.55 London, Etimoni Timuani 11.81 Rio, Karalo Maibuca 11.42 Tokyo na 11.30 Paris. Miaka 16, nafuu ya sekunde 0.18. Kwa wanawake ndiyo kabisa: Asenate Manoa alikimbia 13.48 London, Temalini Manatoa 14.04 Paris.

Wanaingia kwa nafasi maalumu ya nchi ambazo hazina aliyefuzu. Kwa kanuni ya Paris, nafasi hiyo ilikuwa ya mita 100, mita 800 au marathoni. Kufuzu mita 100 wanaume ilikuwa 10.00, na pengo la sekunde 1.3 kwenye mbio fupi halizibiki kwa bidii tu. Naona chama kihamie mita 800. Pumzi hujengeka hata barabarani.

Lami Moto
Mkuu, nakupinga. Mita 800 ina kona nne, na mkimbiaji asiyezijua kona atabanwa ndani, akimbie mita za ziada, amalizike kabla ya 200 za mwisho. Funafuti, mji mkuu wao, hakuna uwanja wa tatani, ule wa mpira wa kukimbilia. Kilichopo ni njia ya kurukia ndege, urefu wa mita 1,500 hivi, iliyojengwa na Wamarekani mwaka 1943. Ndege ni chache kwa wiki, kwa hiyo jioni jua likipoa ndipo watu wanapocheza mpira na wavu, pikipiki zinapita katikati. King'ora kikilia, wote wanatoka. Hapo mita 100 inatosha na kubaki. Ukitaka 800 ugeuke nyuzi 180 katikati ya lami, utapata muda usiofanana na chochote.

Ila hata hiyo mita 100 ina tatizo lake. Kwenye lami huvai viatu vya misumari, na vibao vya kuanzia havishiki. Kijana anafanya mazoezi ya kuondoka akiwa amesimama au ameweka vidole chini bila kukanyaga kitu. Akifika Olimpiki anakuta kibao kinasukuma nyuma yake. Asiyekizoea huinuka wima hatua ya pili, kifua juu, na zile mita 30 za kuongeza kasi zimekwisha kabla hajaanza.

Fundi wa Viwanja
Kabla mtu hajasema "wajengewe tatani": uwanja kamili wa mita 400 unahitaji eneo la kama mita 177 kwa 93, na Fongafale, kisiwa kikuu cha Funafuti, ni chembamba, mahali pengine ni makumi ya mita tu toka bahari hadi lagoni. Tena maji yanatokea chini. Bamvua kubwa likija, bahari hupenya kwenye matumbawe na kuchipuka katikati ya ardhi. Tatani ni tabaka la milimita 13 hivi juu ya msingi ambao lazima ubaki mkavu. Maji ya chumvi yakisukuma kutoka chini, gundi inaachia, panavimba, panapasuka.

Mtu wa Eldoret
Lakini jamani, Mkenya wa nne kwa ubora anabaki nyumbani, na mtu wa sekunde 14 anapanda ndege!

Kipima Upepo
Ndugu yangu wa Eldoret, huyo wa nne anazuiwa na ukomo wa wanariadha watatu kwa nchi katika kila mbio. Tuvalu hawamgusi. Wao walianzia raundi ya awali, kabla Omanyala wa Kenya hajaingia uwanjani. Na Komoro, majirani zetu, wanategemea nafasi hizihizi.

Kinachonisumbua mimi ni uteuzi. Kwa saa ya mkono, mpimaji anasubiri aone moshi wa bastola ndipo kidole kibonyeze, kinachelewa. Kwenye kumaliza anamwona mtu anakuja, kidole kinawahi. Ndiyo maana huongezwa 0.24: 11.1 ya mkono ni 11.34 hivi ya kamera ya mstari wa kumalizia. Sasa vijana wawili wakitofautiana kwa 0.1 ya mkono, chama kinajuaje nani bora? Halafu upepo: kipimo kinatakiwa mita 50 kabla ya mstari huo, kimo cha mita 1.22, kisome sekunde 10. Ukizidi mita 2.0 kwa sekunde mgongoni, si rekodi.

Fedha ya kwanza iende kwenye nauli ya Suva, Fiji, kwenye tatani na kamera, mara mbili kwa mwaka, wakimbiaji wanne na si mmoja.

Dada wa Tufe
Mbona mnakimbia tu? Alex Rose wa Samoa amefuzu mwenyewe kwa kisahani, na mwaka 2025 akachukua shaba ya dunia. Duara la kisahani ni zege la kipenyo cha mita 2.50, la tufe 2.135. Hata bamvua likilipitia, unalifagia unaendelea. Chuma kitashika kutu kwa chumvi, kipakwe mafuta kila baada ya mazoezi. Nafasi maalumu haihusu kurusha, nakubali, lakini Michezo ya Pasifiki ya 2027 Tahiti inahusu.

Mleta mada
Dada, kwa Tahiti nimekuelewa, nakubaliana nawe moja kwa moja. Na hoja ya kamera siipingi.

Ila Lami Moto, mita 800 bado naing'ang'ania. Kona zinafundishika kwa kuzunguka uwanja wa mpira, nusu ya mazoezi. Ninachoogopa ni kuamua dakika ya mwisho. Visiwa vya Solomon vilimwingiza Sharon Firisua mita 100 Paris, mwanamke aliyekimbia 5,000 Rio na marathoni Tokyo. Akapata 14.31, na lawama zikamwangukia yeye. Chama kitangaze mbio yake miaka miwili kabla, kwa maandishi, na muda wa kamera ambao mteuliwa lazima aufikie.

Lami Moto
Hilo la maandishi nalitia sahihi. Lakini niambie mkuu, huo uwanja wa mpira ukijaa maji Februari, wiki hizo anakimbilia wapi?