Praiveti Chancy Chitete alimwokoa koplo wetu: tupeane uzoefu wa kumtoa majeruhi na kuzuia damu

Mleta mada, Mtwara mjini

Wakuu, ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, sisi wa huku mawazo yetu huwa Naliendele, walikolazwa askari wetu waliofia Msumbiji. Naomba safari hii tumkumbuke na wa jirani.

Praiveti Chancy Chitete alikuwa askari wa Malawi katika FIB, ile brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, kupambana na waasi mashariki mwa Kongo. Novemba 2018, karibu na Beni, brigedi ilipambana na waasi wa kundi la ADF. Koplo wa Kitanzania akapigwa risasi, akabaki mahali pa wazi, hawezi kujisogeza. Chitete akamfuata, akamkokota hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo risasi ikampata yeye. Koplo wetu alipona, Chitete akafa.

Mei 24, 2019, New York, mjane wake alipokea kwa niaba yake nishani ya Umoja wa Mataifa iitwayo Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Diagne ni yule Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari kabla ya kuuawa Mei 31, 1994. Kabla ya Chitete, nishani hiyo ilikuwa imetolewa mara moja tu, kwa familia ya Diagne mwenyewe.

Wenye ujuzi mtueleze: kazi aliyoifanya inafanywaje?

Nachingwea

Mkuu, kinachosahaulika ni uzito. Fulana ya kuzuia risasi, kofia ya chuma, magazini na maji vinaongeza kilo 20 na zaidi juu ya mwili wa mtu. Ndiyo maana hakubebwa begani. Ukimbeba begani mnasimama wote wawili, mnakuwa shabaha moja kubwa.

Kwanza wenzako wafyatue risasi kumnyamazisha adui, au moshi urushwe. Majeruhi akiweza kutambaa, mwamrishe atambae mwenyewe. Asipoweza, mwendee chini chini, shika mpini wa fulana nyuma ya shingo, mvute kichwa kikitangulia ili mwili unyooke. Fulana haina mpini? Pitisha mkanda chini ya makwapa yake. Usimvute kwa kiungo kilichojeruhiwa, mfupa uliovunjika utakata mishipa zaidi. Mkiwa bado chini ya risasi, tiba ni moja tu: kubana damu inayoruka mkononi au mguuni. Mengine yanasubiri kinga.

Ndanda

Naongezea upande wa damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika 3 hivi. Mkanda wa kubana damu, ambao wengi wanauita tonikwiti, chini ya risasi unafungwa sehemu ya juu kabisa ya mkono au mguu, nje ya nguo, bila kutafuta jeraha. Mkiwa salama unafungwa kwenye ngozi, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Zungusha kijiti chake cha kukazia mpaka damu ikome. Atalia kwa maumivu. Usilegeze kwa huruma. Damu ikiendelea, funga wa pili kando ya wa kwanza.

Kosa linaloua ni kukaza nusunusu. Mshipa unaorudisha damu moyoni unazibwa, unaopeleka unabaki wazi, na jeraha linamwaga kuliko mwanzo.

Newala

Haya yanahitajika hata huku, panga linapoteleza shambani wakati wa kupalilia mikorosho, au bodaboda inapoanguka. Pasua kanga upate utepe wa vidole vitatu, funga, weka kijiti kigumu, kaza, kisha kifunge kijiti kisirudi. Waya na katani vinakata nyama. Mkanda wa suruali mtupu haukazi vya kutosha.

Kinenani na kwapani mkanda hauingii. Shindilia kitambaa safi ndani ya jeraha mpaka lijae, kandamiza kwa uzito wako wote dakika 10 bila kuchungulia. Kila ukichungulia, donge la damu lililoanza kuganda linang'oka.

Asipewe madafu wala soda, huenda akahitaji upasuaji.

Mleta mada

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa kwa nini Chitete hakuweza kusubiri hali itulie. Mkanda ukishafungwa, unakaa muda gani?

Ndanda

Saa 2 kwa kawaida kiungo kinavumilia. Ukizidi hapo hatari kwa misuli na neva inapanda, na ukipita saa 6 usifunguliwe nje ya hospitali. Kwa hiyo andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake, kwa kalamu ya wino mzito, mfano "T 8:40 mchana". Mfunike shuka hata kama ni jua la Lindi, kwa sababu mwili uliopoa hauwezi kugandisha damu. Maandishi ya saa usiyafunike, yabaki wazi daktari ayaone.