Mkimbiaji wa kupewa kwenye besi ya pili: abaki au aondolewe?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Naomba tujadili kanuni moja ya besiboli. Najua kwa wengi wenu ni mchezo wa mbali, lakini sisi tunaoishi Marekani watoto wetu wanaucheza shuleni na jioni tunauangalia nao, na hii kanuni imeshagawanya nyumba nyingi.

Mechi ya besiboli ni iningi 9, na kwenye kila iningi kila timu inapata zamu moja ya kupiga. Zikiisha timu ziko sare, zinaongezwa mpaka apatikane mshindi. Tangu enzi za mababu, iningi ya 10 ilianza kama zilizotangulia, besi zote (vituo anavyozunguka mkimbiaji) tupu. Mwaka 2020, msimu uliokatwa hadi mechi 60 kwa sababu ya korona, ligi kuu ya huku, MLB, ikaanza kuweka mkimbiaji kwenye besi ya pili kabla mpira wowote haujarushwa. Tuliambiwa ni ya dharura. Korona ikapungua, kanuni ikabaki, na Februari 2023 ikapitishwa kuwa ya kudumu. Inatumika msimu wa kawaida tu, mechi za mtoano hazina.

Mimi nasema aondolewe, na sababu yangu ni daftari.

Mwanangu akicheza, mimi ndiye mwandishi wa alama wa timu yao, na hata tukiangalia ligi kuu nyumbani naandika. Kila mpigaji ana kisanduku chake chenye almasi ndogo katikati. Akifika besi ya kwanza navuta mstari mmoja wa almasi, akifika ya pili navuta wa pili, akirudi nyumbani naijaza almasi nzima kwa penseli. Pembeni ya kila mstari naandika amefikaje pale: kwa pigo lake, kwa boli 4, kwa kosa la mlinzi, au kwa sababu mwenzake alipiga. Mechi ikiisha unashika karatasi na kila almasi nyeusi inakueleza ilizaliwa wapi.

Iningi ya 10 ya siku hizi naanza kuvuta mistari miwili ambayo pembeni yake sina cha kuandika. Tena anayewekwa pale ni yule anayemtangulia mpigaji wa kwanza wa iningi hiyo kwenye orodha. Mara nyingi ni huyohuyo aliyetolewa wa mwisho kwenye iningi ya 9. Dakika chache zilizopita kakosa mpira mara tatu karudi benchi, sasa kasimama besi ya pili.

Sasa angalieni. Mpigaji wa kwanza anainua mpira mrefu upande wa kulia, unadakwa, auti moja, mkimbiaji anasogea besi ya tatu. Wa pili anainua wa kwake katikati, unadakwa, auti mbili, mkimbiaji anakimbia nyumbani. Pointi. Mrushaji amekabiliana na watu wawili na kuwatoa wote wawili. Hakupigwa, hakutoa boli 4, wenzake hawakukosea. Mechi ikiisha hivyo, ameandikwa ndiye aliyeshindwa.

Mgeni wa Mchezo

Mkuu, mimi ni mtu wa soka, naomba shule kidogo. Pointi ni pointi. Goli likiingia kwa goti au kwa kisigino si linahesabika? Kwa nini unajali sana alifikaje?

Mleta mada

Swali zuri. Besi ni 4 ukihesabu nyumbani, na kila moja iko futi 90 kutoka nyingine. Mpigaji anaanzia nyumbani, akizunguka zote akarudi salama timu imepata pointi moja. Wapinzani wana kazi ya kupata auti 3 kabla hayo hayajatokea, kisha zamu inageuka. Straiki 3, yaani mipira mizuri uliyoshindwa kuipiga, umetoka. Boli 4 zilizorushwa nje ya eneo, unatembea bure hadi besi ya kwanza. Ukipiga mpira ukadakwa hewani umetoka, lakini mkimbiaji aliyeko kwenye besi anaruhusiwa kukimbia ukishadakwa, kama nilivyoeleza juu.

Utofauti na soka uko kwenye deni. Soka hatuandiki goli hili ni la beki gani. Besiboli wanaandika. Pointi ikiingia kwa sababu mrushaji alipigwa, inaingia kwenye wastani wake wa pointi anazoruhusu, na wastani huo ndio anaokwenda nao kwenye mazungumzo ya mshahara. Ikiingia kwa sababu mlinzi aliangusha mpira rahisi, mrushaji anasamehewa na mlinzi anaandikiwa kosa. Hata walinzi wana namba: mrushaji 1, mdakaji 2, mpaka yule wa kulia nyuma 9. Ukiona nimeandika 6-4-3, ujue namba 6 aliokota, akampa 4 aliyekanyaga besi ya pili, naye akampa 3 kwenye ya kwanza, watu wawili wametolewa kwa mpira mmoja. Mtu aliyeko Mombasa ambaye hakuiona mechi anaisoma yote kwenye ukurasa mmoja. Hicho ndicho ninachokitetea.

Mpenzi wa Namba

Mleta mada, hapo umeeleza nusu. Kanuni za uandishi hazijamsahau huyo mkimbiaji. Kwenye kuhesabu wastani, anachukuliwa kana kwamba alifika besi ya pili kwa kosa la ulinzi, ila kosa hilo haandikiwi mchezaji yeyote wala timu. Kwa hiyo wastani wa mrushaji wako hauguswi.

Ukisema besi haipewi mtu bila mchezo, tangu 2017 kocha akitaka mpigaji hatari apelekwe besi ya kwanza ananyoosha mkono tu, refa anamruhusu. Haurushwi hata mpira mmoja. Daftari lako lilikubali hilo bila kelele.

Mleta mada

Nakubali kuhusu wastani, na nilipaswa kuliandika mwenyewe. Lakini soma tena sentensi yako: kosa ambalo halina mkosaji. Mwandishi wa alama analazimishwa kuweka kitu ambacho anajua hakikutokea. Na msamaha huo ni wa wastani tu, kushindwa kunabaki kwenye jina lake.

Mkono wa kocha ni tofauti. Mpigaji yule alikuja kwenye zamu yake, akatisha, kocha akaamua kumkwepa. Naandika, na jina la aliyeamua lipo. Mkimbiaji wa iningi ya 10 kaamuliwa na ofisi.

Kazi ya Usiku

Habari zenu kaka zangu. Mimi nauza hotdogi na soda ndani ya uwanja wa besiboli, mwaka wa sita sasa, jiji silitaji. Mnajadili daftari, mimi nizungumzie miguu yangu.

Mechi ikianza saa 1 usiku mimi nimeshasimama tangu saa 9 alasiri. Ikiisha nafunga hesabu ya fedha, nasafisha mashine, nakabidhi. Hiyo ni dakika 45 hata ukimbie vipi. Basi la mwisho kwenda mtaani kwetu ni saa 5 na nusu usiku. Likinipita, nalipa teksi inayokula karibu mshahara wote wa usiku ule. Kabla ya kanuni hii nilikuwa nikisikia iningi ya 13 inaanza, tumbo linakata. Watu wameondoka, tumebaki sisi, wachezaji na walinzi wa milango. Sasa nikimwona yule mkimbiaji kasimama besi ya pili, najua ndani ya nusu saa mara nyingi kitakuwa kimeeleweka. Mimi namshukuru huyo mtu, hata kama hakufanya kazi kufika pale.

Mwalimu wa Michezo

Naandika kutoka Dar es Salaam. Huku besiboli ililetwa na Wajapani, na uwanja wetu pale shule ya sekondari Azania ulijengwa kwa msaada wao. Ndiyo maana mfano wangu ni wa Japani.

Wana mashindano ya shule za sekondari yanayoitwa Koshien, nchi nzima inasimama. Fainali ya 2006 walicheza iningi 15, 1-1. Kijana Saito Yuki wa shule ya Waseda Jitsugyo alirusha zote 15 peke yake, mipira 178. Kanuni ya wakati ule ilisema mechi irudiwe kesho yake. Kesho yake akarusha tena mechi nzima, mipira 118, timu yake ikashinda 4-3. Jumla ya mashindano yale alirusha mipira 948. Mkono wa mwanafunzi!

Mwaka 2018 walikubali kuweka wakimbiaji wawili, besi ya kwanza na ya pili, kuanzia iningi ya 13. Mwaka 2023 wakaishusha ianzie ya 10. Mashindano ya kimataifa ya nchi na nchi nayo yana utaratibu wa namna hiyo. Mimi nina mrushaji mmoja mzuri na wawili wa kujifunza. Uwanja ukianza kuwa na giza siwezi kumwambia yule mmoja endelea mpaka kieleweke. Mzazi wake ananitazama.

Mleta mada

Mwalimu, kwa watoto sina ubishi. Hapo iwekwe, hata wakimbiaji watatu.

Hoja yangu ni wakubwa wanaolipwa. Kama ni kulinda mikono, mbona kwenye mtoano, mwisho wa msimu wa mechi 162, mikono imechoka kuliko wakati wowote, kanuni inaondolewa? Mechi ya 3 ya fainali ya 2018, Dodgers na Red Sox, ilikwenda iningi 18, saa 7 na dakika 20, mpaka Max Muncy alipopiga homurani, pigo linalomrudisha mpigaji mwenyewe hadi nyumbani. Mechi ya 3 ya fainali ya 2025, Dodgers na Blue Jays, nayo iningi 18, Freddie Freeman akaimaliza kwa homurani, 6-5. Huko hawathubutu kumpa mtu besi, kwa sababu wanajua ushindi wake ungesutwa. Basi wanajua.

Na kuna Pawtucket na Rochester, 1981, ligi ya daraja la chini. Walianza jioni ya Aprili 18, wakasimamishwa baada ya saa 10 alfajiri, iningi 32, jukwaani wamebaki watazamaji 19. Wakarudi Juni 23, ikachukua dakika 18 tu kupata mshindi. Mechi ndefu kuliko zote za kulipwa. Karatasi yake ya alama ninaitamani kuliko jezi yoyote.

Kazi ya Usiku

Kaka, hao 19 kuna waliokuwa wanawahudumia. Hawamo kwenye karatasi yako.

Golikipa Mstaafu

Dada kasema neno zito, na mimi niongeze la kwangu nikitokea golini.

Kanuni hii inafanana na penalti zetu, lakini soka tulifanya jambo moja la busara ambalo besiboli hawajalifanya. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa. Matokeo yameandikwa 3-3, kisha pembeni penalti 4-2. Magoli ya penalti zile hayaongezwi kwenye matokeo ya mechi. Messi hakuhesabiwa goli kwa ile aliyofunga kwenye mikwaju, na Lloris hakuandikiwa kuwa kafungwa saba. Tunakubali kwamba mechi iliisha sare, halafu tukatafuta njia ya kupata wa kubeba kombe. Vitu viwili, mistari miwili.

Tulijaribu na goli la dhahabu, atakayetangulia kufunga mechi imekwisha. Laurent Blanc aliwatoa Paraguay hivyo 1998. Halikudumu. Kwa hiyo kubadili si dhambi, na kurudisha nyuma si aibu. MLB wakitaka mkimbiaji wa kupewa wamweke, lakini waandike: mechi 2-2, mkimbiaji 1-0. Mrushaji asiandikiwe kushindwa.

Mpenzi wa Namba

Golikipa, hilo sikuwahi kuliona likisemwa na ninalikubali. Mwandishi wa alama angefungua ukurasa mpya kuanzia iningi ya 10.

Kuna njia nyingine. Ligi ya kulipwa ya Japani, msimu wa kawaida, ikifika iningi 12 bado ni sare, inaandikwa sare, watu wanakwenda kulala. Hakuna anayepewa besi.

Mleta mada

Nimekaa na haya tangu asubuhi. Nilikuja hapa nikitaka turudi kwenye zamani, mpaka kuche kama ni kuche. Dada wa hotdogi amenikatalia na sina jibu la kumpa. Siwezi kudai kila almasi iwe na mwenyewe halafu nisiuone mguu wa aliyesimama tangu alasiri.

Kwa hiyo nabadilisha hoja: iningi 12, besi tupu, na ikibaki sare iandikwe sare. Wamarekani wengi hawaipendi sare, wataona mechi haijaisha. Sisi tumekua na sare za Simba na Yanga, tunajua sare inavyoweza kuzungumzwa wiki nzima.

Dada, hesabu yake hii hapa. Tangu 2023 kuna saa ya mrushaji, besi zikiwa tupu ana sekunde 15 awe ameanza kurusha, na mwaka ule mechi ya iningi 9 ilishuka hadi wastani wa saa 2 na dakika 40. Ikianza saa 1, inaisha saa 3 na dakika 40. Iningi 3 za ziada, kila moja kama dakika 18, tuko saa 4 na dakika 34. Weka dakika zako 45.

Kazi ya Usiku

Saa 5 na dakika 19. Kituo kiko ng'ambo ya barabara, dakika 5 kama taa iko kijani.

Hiyo ya 12 nasaini. Lakini iandikwe kabisa kwamba ya 13 haipo, maana nawajua nyie wapenzi wa mchezo.